Kaburi la James Braidwood pale Abney Park: mkuu wa zimamoto aliyeangukiwa na ukuta 1861. Nianzie wapi kumtafuta?

Mstaafu_Raskazone aliandika:

Salaam wakuu.

Mimi ni zimamoto mstaafu wa Tanga. Kwa sasa nipo London kwa binti yangu, Stoke Newington, nalea wajukuu. Asubuhi nikishawafikisha shule sina kazi hadi alasiri, kwa hiyo huingia Abney Park kunyoosha miguu. Ni makaburi ya zamani yaliyofunguliwa mwaka 1840, moja kati ya yale saba makubwa yaliyoizunguka London baada ya viwanja vya makanisa kujaa. Wamelala humo watu kama laki mbili, wengi Wakristo waliokataa kuwa chini ya Kanisa la Uingereza. Leo pamekuwa msitu kabisa, hifadhi ya miti na ndege, na mgeni akiingia bila kuangalia alikotoka anapotea. Binti yangu hapendi niende peke yangu. Namwambia, mtu aliyeingia maghala yenye moshi ataogopa marehemu?

Ndani yupo William Booth wa Jeshi la Wokovu, karibu na geti la Church Street. Yupo pia Joanna Vassa, binti wa Olaudah Equiano yule aliyeandika habari za utumwa wake. Lakini aliyenishika mimi ni James Braidwood.

Sisi tuliopita mafunzo tulitajiwa jina lake mara moja darasani, basi. Sasa nimesimama kwenye kaburi lake na naona aibu kwamba simjui. Nimeanza kusoma. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1800, baba yake fundi samani, yeye akasomea upimaji wa majengo. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 24, mji ulimkabidhi kikosi kipya cha zimamoto, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuendeshwa na manispaa. Kikosi kina wiki chache tu, Novemba ikaja na moto mkubwa ulioitafuna Edinburgh ya kale kwa siku kadhaa. Vijana hawajakomaa, na waheshimiwa wa mji kila mmoja anatoa amri yake. Baada ya hapo ndipo ikakubaliwa kwamba penye moto amri ni ya mkuu wa zimamoto peke yake. Wenzangu wa kazi mnaelewa uzito wa jambo hilo. Nimewahi kusimama na mpira mkononi, diwani anasema mwaga huku, mwenye duka anasema mwaga kule, na shemeji wa mwenye duka naye ana maoni yake.

Halafu namna alivyochagua watu! Edinburgh alichukua waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi, mafundi bomba, yaani watu wanaojua nyumba ilivyoshikana, akawafanyisha mazoezi alfajiri gizani. Mwaka 1833 kampuni za bima za London ziliunganisha vikosi vyao vikawa kimoja, London Fire Engine Establishment, askari kama 80, zikamwita aje aongoze. Huku akapenda zaidi mabaharia: wamezoea kuamshwa usiku, kupanda juu na kutii amri. Bunge la Uingereza lilipoungua Oktoba 1834 walikuwepo, na ule ukumbi mkongwe wa Westminster Hall ukanusurika.

Sasa nifike penyewe. Jumamosi tarehe 22 Juni 1861, alasiri, moto unaonekana Cotton's Wharf, Tooley Street, ng'ambo ya kusini ya daraja la London. Nilisoma orodha ya mizigo iliyokuwa kwenye maghala nikaiweka simu chini: katani, juti, pamba, shahamu, sukari, shura (ile chumvi ya kutengenezea baruti), chai, viungo. Ningekuwa mimi ndiye ninayepokea taarifa hiyo kituoni ningeanza kusali njiani. Katani naijua. Haiwaki kwa fujo mwanzoni, inafukuta ndani ya robota. Unamwaga maji juu, juu panapoa, unafunga mipira, unarudi kituoni, usiku unaitwa tena. Dawa yake ni kuyakata marobota na kuyatawanya nje moja moja, kazi ya jasho. Weka shahamu na shura pembeni yake uone. Isitoshe Thames ilikuwa imekupwa, pampu zao za majini hazikuweza kusogea mapema.

Wanasema ilipofika kama saa moja na nusu jioni Braidwood alikuwa kichochoroni kati ya maghala, anawagawia askari wake mgao wa brandi na kuwatia moyo, ukuta ukamwangukia. Mwili ulitolewa baada ya siku mbili. Moto haukuisha kwa wiki mbili. Alizikwa tarehe 29 Juni, msafara wa maili moja na nusu, maduka yamefungwa, kengele za makanisa ya City, kitovu cha kale cha London, zinalia.

Kila ninaposoma naambiwa "aliangukiwa na ukuta", kama vile nazi imemdondokea. Ukuta wa ghala linaloungua hauanguki bila kusema kitu. Unatoa tumbo, unapata ufa, chokaa inadondoka, moshi unaanza kutoka mahali usipotakiwa kutoka. Mtu huyu aliandika kitabu cha mafunzo mwaka 1830, kabla babu zetu hawajaona gari. Alikuwa na miaka 37 kazini. Nataka kujua aliona nini, nani alikuwa karibu naye, na nani alitoa ushahidi baadaye. Nataka pia kujua maisha yake ya kawaida, alikaa wapi, alilipwa nini, na wale askari wake walikuwa kina nani.

Kingereza changu cha kusoma kinatosha. Kompyuta ananisaidia mjukuu. Nianzie wapi?

---

Mjaluo_wa_Walthamstow aliandika:

Mzee, karibu sana London. Mimi ni Mkenya, hobi yangu ni kutafuta watu waliokufa, mke wangu anasema ndio marafiki pekee nilio nao.

Umeanza na kaburi, sasa rudi kwa kaburi. Abney Park wana orodha ya waliozikwa, iko kwa mtandao, unatafuta kwa jina na mwaka. Inakupa namba ya kaburi na sehemu. Usiangalie jina lake tu, angalia walio kwa kaburi hilo na yaliyo jirani. Watu wa enzi hizo walinunua eneo la familia, na majirani wa kaburi mara nyingi ni jamaa.

Ya pili ni magazeti. Kifo cha namna hiyo lazima kilienda mbele ya koroner, yaani ofisa anayechunguza vifo vya ghafla, na magazeti ya wakati huo yaliandika maneno ya mashahidi karibu yote, kuliko hata faili za ofisi. Tafuta toleo za mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 1861: The Times, pia Illustrated London News kwa sababu ya michoro. British Newspaper Archive ni ya kulipia, lakini uliza maktaba ya mtaa wako kabla hujatoa kadi ya benki. Hapo ndipo utapata majina ya waliokuwa kichochoroni. Usiridhike na gazeti moja. Kuhusu huo ukuta mmoja ataandika mlipuko, mwingine ataandika ulitoa tumbo, na wewe ndiye mwenye macho ya kujua nani alikuwa anaangalia kweli.

Ya tatu ndiyo tamu. Sensa ya 1861 ilihesabiwa usiku wa tarehe 7 Aprili, majuma kumi na moja tu kabla ya moto. Makao makuu ya kikosi yalikuwa Watling Street, City, na Braidwood aliishi hapo hapo. Askari pia waliishi kwa vituo na wake zao na watoto. Kwa hivyo usitafute jina, tafuta anwani ya kituo! Ukifungua ukurasa wa kituo unapata kikosi kizima kimelala nyumbani: umri, alikozaliwa, watoto wangapi. Ukiona wengi wamezaliwa miji ya bandari, ujue ndio wale mabaharia wako. Tahadhari moja: wachocheaji makaa wa meli na treni wanaandikwa "fireman" sawa na zimamoto, ndiyo maana nasema fuata anwani.

Cheti cha kifo unaagiza kwa ofisi ya usajili. Vifo vimepangwa kwa robo mwaka, na kifo cha Juni chenye uchunguzi kinaweza kuangukia robo inayofuata, angalia zote mbili. Wosia: tangu 1858 kuna kalenda ya taifa ya mirathi, inaonyesha mtu aliacha kiasi gani na kwa nani. Hiyo itakujibu swali la pesa kwa sehemu.

Karatasi za kikosi chenyewe ziko The London Archives, Clerkenwell, zamani wakiita London Metropolitan Archives. Kuingia ni bure, unajiandikisha upate kadi.

---

kijiweni_Temeke aliandika:

Mzee shikamoo. Sina ubaya, ila swali. Huyo ana kaburi, ana vitabu, ana kila kitu. Wazimamoto wetu waliokufa kazini Dar, Tanga, Mwanza nani anawatafuta? Kwa nini upoteze bando kwa Mskoti wa 1861?

---

Bi_Mhandisi_Leith aliandika:

Shikamoo Afande. Mimi ni Mzanzibari, nipo Edinburgh, kazi yangu ni kukagua majengo ya zamani, kwa hiyo swali lako la ukuta limenikalisha kitako.

Kabla hujaenda kwenye gazeti lolote msome mwenyewe. Mwaka 1849 Braidwood alisoma mada mbele ya Institution of Civil Engineers, chama cha wahandisi wa ujenzi, kuhusu majengo yaliyokuwa yakisifiwa kuwa hayashiki moto. Wakati ule wenye maghala walikuwa wanaondoa nguzo za mbao na kuweka za chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), wakidhani wamemaliza shida. Yeye akawaambia hapana. Chuma kile kikipata joto mhimili unarefuka, na ukirefuka unasukuma ukuta kwa nje. Nguzo ikishapata moto sana inaachia. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa ya moto inapasuka kama glasi. Mbao nene, alisema, angalau inaungua polepole na unaiona. Akaenda mbali zaidi: ghala lililobebwa na chuma likishakolea moto, askari wake hawakuruhusiwa kuingia.

Umeona hapo, Afande? Huyu hakuwa mtu wa kujirusha. Alifundisha kuingia ndani na kuufuata moto kwenye kiini chake, askari wawili wawili, asiachwe mtu peke yake, lakini alijua pia mahali pa kusema hatuingii. Na kifo kikamkuta nje, kichochoroni, kwenye kivuli cha ukuta uleule. Kwa hiyo ukipata ushahidi wa uchunguzi, swali lako la kwanza liwe nguzo za ghala lile zilikuwa za nini. Angalia na habari za milango: maghala yale yalikuwa na milango ya chuma ya kuzuia moto kupita upande wa pili, na ilielezwa kwamba iliachwa wazi.

Huku kwetu, sanamu yake ipo Parliament Square, nyuma ya kanisa la St Giles, iliwekwa mwaka 2008. Hatua chache kutoka hapo, chini ya High Street, ndipo moto wa 1824 ulipoanzia. Pia kuna makumbusho ya zimamoto ya Uskoti, McDonald Road, yamefunguliwa 2023. Kumbukumbu za ubatizo za Uskoti zipo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Utalipia kidogo kuona ukurasa wenyewe. Ukihitaji picha ya kitu chochote hapa niambie, nitapita.

---

Mstaafu_Raskazone aliandika:

Marahaba wanangu. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Mjaluo wangu, hilo la kufuata anwani badala ya jina limenifurahisha kuliko yote. Jana mjukuu alinifungulia sensa. Kuona kituo kizima kwenye ukurasa mmoja, mke wa huyu, mtoto mchanga wa yule, nilisikia kama nimeingia kambini saa ya chakula. Nitaandika majina yote ya Watling Street kwanza, halafu nihamie vituo vya karibu na mto, maana hao ndio waliofika Tooley Street mapema.

Bi Mhandisi, umenipa kitu nilichokuwa nakihisi bila kuwa na maneno yake. Hivyo kichochoro ndiyo habari yenyewe. Sisi tulifundishwa kwamba ukuta unaanguka umbali sawa na kimo chake, kwa hiyo simama zaidi ya hapo au simama pembeni ya kona. Kichochoro cha ghala la ghorofa nyingi hakina "zaidi ya hapo". Ukiwa umewaweka watu wako na mpira mle, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kufikia moto, basi wote mpo ndani ya kimo cha ukuta, na mkubwa hawezi kuwakagua kwa kupiga kelele kutoka barabarani. Anaingia. Mimi simlaumu, na wala sisemi alikosea hesabu. Nasema sasa najua kwa nini alikuwa pale.

Na hiyo brandi msiicheke. Kazi ilikuwa ya mikono. Pampu za wakati ule zilisukumwa na watu wa mtaani walioitwa hapohapo, shilingi moja kwa saa ya kwanza, nusu shilingi kwa kila saa iliyofuata, na bia. Bia ikichelewa, mikono inalegea na maji yanalegea. Pampu ya mvuke kikosi kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kuitumia, mwaka 1860, ya kukodi, na Braidwood mwenyewe hakuwa na haraka nayo. Hapo nimejaribu kumwelewa nimeshindwa, lakini nakumbuka wazee wa kituo chetu walivyoikataa redio ya upepo ilipoletwa.

Kijana wa Temeke, umeuliza swali la maana na sitakukimbia. Huyu namtafuta kwa sababu yupo dakika kumi kutoka ninapolala na karatasi zake zipo. Na tazama kilichofuata baada ya yeye kufa: kampuni za bima zilihesabu hasara, kama pauni milioni mbili, zikapandisha malipo ya maghala, zikaiambia serikali hatuwezi tena kuubeba mji mzima. Mwaka 1865 ikapitishwa sheria, na Januari 1866 zimamoto ya London ikawa ya umma. Kwetu Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilipata sheria yake mwaka 2007. Kabla ya hapo tulikuwa vipande vipande, halmashauri hii na gari lake, halmashauri ile na ndoo. Nimefanya kazi pande zote mbili za mstari huo, kwa hiyo habari ya Waingereza kutoka kampuni kwenda serikalini naisoma kama mtu aliyekuwemo.

Hao wetu unaowasema, majina yao yamo kwenye madaftari ya matukio ya vituo. Aliyeingia zamu aliandika: saa, mahali, gari lipi, nani alikwenda, nani aliumia. Kama kuna mtu humu anajua madaftari ya Tanga ya miaka ya sabini na themanini yalihifadhiwa wapi, aniandikie faragha. Wewe unayeuliza upo Temeke, kituo hakipo mbali nawe. Nenda kaulize madaftari yenu yapo kabati gani, halafu urudi hapa utuambie.

---

Gati_Kilindini aliandika:

Mzee wangu, nami zimamoto, bandarini Mombasa. Uliyosema ya katani ni kweli tupu, na pamba ni ndugu yake. Pamba ikishaungua ndani ya robota unaweza kuipakia kwenye lori ukidhani imezima, ikaja kuwakia njiani.

Nina ombi. Ukipata ushahidi wa mashahidi, tuwekee hapa saa kwa saa: moto ulionekana saa ngapi, pampu ya kwanza ilifika saa ngapi, maji ya mto yalianza kujaa saa ngapi, ukuta saa ngapi. Jedwali la kupwa na kujaa kwa Thames la siku hiyo haliwezi kukosekana katika magazeti, walikuwa mji wa meli. Nataka kuona kama maji yalirudi kabla au baada ya yeye kufa.

---

kijiweni_Temeke aliandika:

Mzee umenipa kazi. Sawa. Kesho nina safari ya bodaboda pande zile, nitapita kituoni niulize. Wakinifukuza nitasema nimetumwa na wewe.

---

Mstaafu_Raskazone aliandika:

Waambie umetumwa na mstaafu wa Tanga, na uvae shati.

Gati, saa za maji nitazitafuta, hilo sikuwa nimeliwaza. Alhamisi wajukuu wanabaki shule hadi jioni, nitakwenda Clerkenwell. Mjaluo, nibebe nini?

---

Mjaluo_wa_Walthamstow aliandika:

Kitambulisho chenye picha, karatasi yoyote yenye anwani ya binti yako, na miwani. Begi na koti utaacha kwa kabati nje ya chumba cha kusomea. Kalamu ya wino hawakubali, beba penseli mbili. Na Mzee, kula kabla ya kuingia, huko ndani huwa mtu anasahau.